Sentensi ya Kwanza Haianzii Mbali

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyomwita binti wa watu ua mbele ya baba yake, na mzee huyo akaniuliza kwa upole kama ua hilo huliwa.

Umeniuliza hadithi huanzwaje. Ningeweza kukujibu kwa yale niliyofundishwa chuo kikuu, maana nilifundishwa mengi na mengine bado ninayo. Lakini chuoni nilijifunza kuzitambua sentensi za kwanza za watu wengine. Kuitafuta ya kwangu nilijifunza nikiwa nimesimama katikati ya migomba ya watu, huko Kagoma, aibu imenijaa mpaka masikioni. Kwa hiyo nitakupeleka huko kwanza. Mimi si mzee wa mkongojo. Mvi zangu bado zinahesabika, na wapo hapa Kahororo watakaocheka wakisikia kwamba siku hizi natoa nasaha. Waache wacheke. Aliyetangulia kujikwaa ana haki ya kuonyesha lilipo jiwe.

Nilikuwa nimemaliza masomo, nimerudi nyumbani kwetu Hamugembe na shahada ya Kiswahili. Kaka yangu Mugisha alikuwa fundi umeme, na alikuwa amefungua karakana yake Kagoma, wilayani Muleba. Huko alimpenda Renatha, mwalimu wa shule ya msingi. Walipendana vizuri, kwa adabu, na kila aliyewaona aliona kwamba wanafaana. Kikwazo kilikuwa kimoja. Sisi ni Walutheri, na Renatha ni binti wa Mzee Paskali, Mkatoliki wa kuzaliwa, aliyefiwa na mkewe na ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuzimika. Watoto wake wengine walikuwa wametawanyika mijini. Renatha ndiye aliyebaki naye.

Mzee alikataa kutupokea kwa muda mrefu. Mwishowe, baada ya dada yake kumsihi, alituma ujumbe mfupi: "Waje mara moja. Nikisikia la maana, tutazungumza. Nikisikia upuuzi, wasirudi." Renatha naye alikuwa amekwisha kumwambia Mugisha wazi kwamba hataolewa bila baraka ya baba yake. Ukiyaweka hayo mawili pamoja utaona jinsi ndoa ya kaka yangu ilivyoning'inia kwenye alasiri moja, na kwenye mdomo wa yule atakayesema.

Mdomo huo ulikuwa wangu. Baba yetu alikuwa amefariki, kwa hiyo msafara uliongozwa na kaka yake, Baba Mkubwa. Lakini ilipofika zamu ya kumchagua mshenga, mama yetu alikata shauri. "Tumesomesha mtu Kiswahili," alisema, "halafu twende kuazima maneno kwa jirani?" Watu wakacheka, nami nikavimba kichwa. Asubuhi ya safari Mugisha alinirekebisha kola ya shati, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia tangu tukiwa wadogo, akasema, "Ndugu yangu, usinipoteze."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Hotuba ilikuwa mfukoni, imeandikwa ikafutwa ikaandikwa tena. Nilikuwa nimeitengeneza kwa maneno niliyoyasikia kwenye sherehe za watu wa Dar es Salaam: kulikuwa na bustani ndani yake, kulikuwa na njiwa, na kulikuwa na bahari, ingawa sisi ni watu wa ziwa.

Mzee Paskali alitupokea kwa heshima. Tuliketi, tukaletewa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo kama ilivyo desturi ya kwetu, tukaulizana habari za mvua na za mnyauko uliokuwa unamaliza migomba. Dada yake, mama mmoja mnene mwenye macho ya kucheka, alikuwa ameketi karibu yake. Kisha mzee akageuza uso upande wetu na kusema, "Basi. Semeni kilichowaleta."

Nikasimama, nikakohoa kidogo kama wasomi.

"Wazee wetu, heshima mbele. Tangu kuumbwa kwa ulimwengu, mwanadamu amekuwa akimtafuta mwenzake. Nasi leo ni wasafiri, tuliokuwa tukipita njia yetu katika bahari ya maisha, tukaona bustani nzuri, na ndani ya bustani hiyo tukaona ua..."

"Ua gani?" akauliza mzee.

Sikutegemea swali. "Ni fumbo, baba."

"Najua ni fumbo, kijana. Nauliza tu. Ua hilo huliwa?"

"Haliliwi, baba."

"Basi labda huko mjini hulivaa," akasema yule dada yake, akaziba mdomo kwa kitenge.

Mzee hakucheka. "Hapa hatulimi maua," akasema. "Hapa pana migomba, maharage na kahawa. Ua ninalolijua mimi ni la mkahawa, na mtu akilichuma lile amejichumia njaa ya mwaka mzima, kwa sababu pale lilipokuwa ua hapatakuwa na buni. Sasa wewe unaniambia umeliona ua langu na umekuja kulichuma. Nifurahi?"

Nilitazama karatasi yangu. Baada ya ua ilifuata njiwa. Nikajua kwamba njiwa naye ataulizwa kama huliwa, na kwamba huyo jibu lake lingekuwa baya zaidi.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nimewahi kujikwaa vyote viwili, na nakuthibitishia, kidole hupona. Mzee alianza kupapasa fimbo yake, na mtu wa kwetu akipapasa fimbo mbele ya wageni, wageni huelewa. Hapo ndipo Baba Mkubwa alipoinama kwa adabu na kusema, "Waitu, kijana wetu amekaukiwa koo. Turuhusuni tutoke kidogo tukashauriane." Neno hilo, waitu, kwetu hulainisha, ni kama kumwekea mtu mkono begani. Mzee aliiacha fimbo. "Shaurianeni," akasema, "lakini jua halinisubiri."

Tulitoka tukaingia kwenye kibanja, kati ya migomba, mahali ambapo sauti haifiki ndani. Nilitegemea kukemewa kwa sauti. Baba Mkubwa hakuwa mtu wa sauti. Kwa miaka mingi alikuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo, wale wazee wanaoketi kando ya hakimu na kusikiliza kesi za mipaka, za ugomvi na za mirathi, na kazi ile ilimfanya awe mtu wa kuuliza.

"Nani alikutuma uanzie kuumbwa kwa ulimwengu?"

"Nilitaka kuweka msingi, Baba."

"Msingi wa nyumba ya nani? Ulimwengu uliumbwa, hakuna mtu mle ndani anayebisha. Sisi tumekuja kwa ajili ya Mugisha. Umemtaja?"

Nikajaribu kukumbuka. Katika hotuba nzima, mwanangu, jina la kaka yangu lilitokea mara ya kwanza baada ya njiwa na bahari.

"Bado," nikasema.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi," akaendelea, huku akibandua ganda kavu kwenye shina la mgomba. "Huenda. Lakini mimi nimekaa mahakamani, nimejifunza kwamba mwanzo wake ni mrefu. Mtu aliyeiba mbuzi huanza maelezo yake na babu yake aliyehamia kijijini. Aliyeibiwa huanza na mbuzi."

"Mimi si mwongo, Baba."

"Sikusema ni mwongo tu. Mwoga pia huanzia mbali. Wewe unaogopa nini?"

Nilikuwa msomi, na msomi hupenda kuamini kwamba anachagua maneno kwa sababu ni mazuri. Lakini swali lilikuwa limeulizwa na mtu aliyezoea kungoja majibu, naye alingoja. Mwishowe nikasema kweli.

"Naogopa neno kanisa. Naogopa likitajwa tu, yamekwisha."

"Ndiyo maana ukaleta maua."

"Ndiyo maana."

"Sasa nieleze mimi, si yule mzee. Jambo hili la kanisa lilianza kuuma lini, na lilimuuma nani?"

Nikamweleza. Mugisha alikuwa amenisimulia siri moja ambayo sikufikiri kwamba ingefaa hotuba, kwa kuwa haikuwa na pambo lolote. Nilipomaliza, Baba Mkubwa aliacha lile ganda la mgomba.

"Anzia hapo," akasema.

"Baba, nikianzia hapo atatufukuza."

"Ameshatufukuza, mwanangu. Ni vile tu bado hatujatoka."

Tukarudi ndani. Safari hii sikusimama. Niliketi kwenye kigoda karibu na mzee, kwa sababu nilikumbuka kwamba anaona kwa shida, na karatasi niliiacha mfukoni. 

"Baba," nikasema, "siku Mugisha alipomwomba Renatha wawe wachumba, Renatha alimkatalia kwa ajili yako."

Mzee Paskali aligeuza uso wote kuelekea sauti yangu.

"Alimkatalia?"

"Alimkatalia, baba."

"Hakuniambia." Kisha akaongeza: "Alisemaje?"

"Alisema, 'Nikiolewa na Mlutheri, Jumapili baba yangu atashikwa mkono na nani kwenda misa?'"

Yule dada yake aliyekuwa na utani hakuwa nao tena. Alishusha kitenge mapajani. Nje mtu alikuwa anapasua kuni, na tulisikia shoka likishuka, na kushuka tena.

"Na huyo Mugisha wenu," mzee akauliza, "alijibu nini?"

Unaona, mwanangu, jambo lililotendeka? Nilikuwa nimesema sentensi moja, na sasa mtu aliyekuwa akipapasa fimbo ili tuondoke alikuwa ananiuliza kilichofuata. Sikumlazimisha asikilize. Kisa kilikuwa chake, naye alikuwa hajakisikia.

Nikaendelea. Nilimwambia kwamba Mugisha hakumjibu Renatha siku ile, kwa kuwa hakuwa na jibu. Kwamba alikaa kimya majuma kadhaa, akipoteza usingizi na kukosea kazi, hata akamwekea mteja mmoja swichi ya taa kichwa chini. Kwamba alipomrudia alimwambia, "Ibada yetu huisha mapema. Nitakuja nimchukue mzee mwenyewe, nimfikishe mpaka kwenye benchi lake, na misa ikiisha nitakuwa mlangoni." Na kwamba Renatha alimjibu, "Kamwambie yeye, usiniambie mimi," ndiyo sababu tumekuja.

"Swichi kichwa chini," akasema yule dada, polepole. "Huyo amependa kweli."

Mzee aliuliza maswali mengine mengi, na mengi yalikuwa magumu. Aliuliza watoto watabatizwa wapi. Aliuliza kama Mugisha anajua kwamba mtu asiyeona vizuri hutembea taratibu na hukasirika akiharakishwa. Baba Mkubwa alijibu ya kwake, mimi nikajibu ya kwangu, na lile tusilolijua tulisema hatulijui. Mwisho wa yote akasema, "Sijasema ndiyo. Mleteni huyo kijana nimsikie mwenyewe." Mtu aliyesema tusirudi alikuwa ametwambia turudi, nami nikatembea kwenda barabarani kama mtu aliyevuliwa mzigo wa ndizi kichwani.

Sitakudanganya kwamba mambo yalikwenda kama maji mtelemkoni. Mugisha aliitwa, akahojiwa, akaitwa tena. Padri wa kwao na mchungaji wa kwetu walishirikishwa. Ndoa ilifungwa kanisani kwa kina Renatha, na kwetu Hamugembe walikuwapo walionuna. Shangazi yetu mmoja alikula pilau ya harusi bila kusema neno, na kwa anayemjua, hiyo ni adhabu kubwa. Lakini walioana, na wanaishi Kagoma hadi leo. Mzee Paskali aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila Jumapili alipelekwa kanisani na mkwe wake, taratibu, bila kuharakishwa.

Sasa turudi kwenye swali lako.

Wengi wanaoniletea hadithi zao, nawe ukiwa mmoja wao, huanzia kwenye kuumbwa kwa ulimwengu. Mnaandika kwamba ilikuwa asubuhi tulivu, jua likichomoza, ndege wakiimba, upepo ukivuma taratibu. Najua mlikoyatoa, ni ya insha za shuleni, na mwalimu aliwapa alama nzuri kwa ajili yake. Lakini jua huchomozea kila mtu, kwa hiyo halijasema lolote kuhusu mtu wako. Ukiandika sentensi ya namna hiyo, usijilaumu na wala usiifute upesi. Jiulize kwa utulivu swali la Baba Mkubwa: unaogopa nini? Mara nyingi utakuta kwamba hadithi yako ina jambo linalouma, nawe unazunguka uani ukichuma maua ili usiliingie. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mwandishi anayeficha jambo lake nyuma ya mawio ya jua, msomaji humfungia kitabu.

Nilisoma kurasa ulizoniachia. Ukurasa wa tatu, karibu na mwisho, umeandika kwamba siku mama alipohama nyumbani alichukua sufuria zote akaacha vifuniko. Nilipofika hapo niliacha chai yangu ikapoa. Kwa nini vifuniko? Sijui, na nataka kujua. Hadithi yako inaanzia pale, mwanangu. Kurasa mbili zilizotangulia ni wewe unakohoa kabla ya kusema. Kukohoa si dhambi, wala usifikiri kwamba kazi ile imepotea. Wengi wetu hatuwezi kuufikia mlango bila kutembea kwanza. Ila mgeni usimtembeze njia yote uliyopotea wewe.

Wala usinielewe vibaya ukadhani nakutaka uanze kwa kishindo. Wapo vijana walioambiwa kwamba sentensi ya kwanza lazima imshtue msomaji, basi wanamrushia maiti, bastola na mwanamke anayepiga mayowe, vyote kabla ya nukta. Hiyo ni honi ya bodaboda: utageuka, ndiyo, lakini utageuka ili ukwepe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sentensi niliyomwambia Mzee Paskali haikuwa na kelele. Ilikuwa na watu watatu wanaopendana, tendo moja lililokwisha kutendeka, na jambo moja ambalo halijatulia. Ilimwambia cha kutosha ili ajue tunazungumza juu ya nani, ikabakiza cha kutosha ili aulize. Na ilikuwa ya kweli, jambo ambalo halisomeki kwenye karatasi lakini husikika.

Tena ilikuwa ya nyumba ile. Hili ndilo nililochelewa kuliko yote kulielewa. Ua na njiwa si maneno mabaya; penye bustani ya maua yangefaa, na mshairi angeyapa heshima. Kosa langu lilikuwa kuyaingiza katika kibanja cha kahawa bila kumuuliza mwenye kibanja. Kila hadithi ina udongo wake. Bibi zetu walijua hivyo: walipofungua ngano kwa Kihaya, kanuni yenyewe ilimtaka msimulizi aseme kwanza kwamba alikuwapo, akaona. Hawakuruhusiwa kuanza na walichosikia kimeonwa na wengine. Ukiandika kuhusu Muleba, fungua mlango kwa ufunguo wa Muleba, hata kama ufunguo huo una kutu na hakuna aliyewahi kuuandika kitabuni.

Ukisha kuipata sentensi yako, msomee mtu mmoja, kwa sauti, kisha nyamaza. Usimweleze ulichokusudia. Akisema "ni nzuri," endelea kutafuta. Hilo ni jibu la adabu, na watu wa kwetu wana adabu sana. Akiuliza "kisha?", kaa uandike iliyobaki. Lakini ujue kwamba umejifunga. Mzee Paskali aliponiuliza Mugisha alijibu nini, nilipaswa kuwa na jibu, na jibu lilipaswa kuwa zito kama swali. Kumfungulia mtu mlango kisha akakuta chumba kitupu ni utovu wa ukarimu, na msomaji aliyefanyiwa hivyo mara moja hakai tena kwenye kiti chako.

Basi nenda, mwanangu, na Mungu wa makanisa yote mawili akutangulie. Akupe ujasiri wa kutaja mapema lile unaloliogopa, na upole wa kulitaja bila kumjeruhi mwenye nalo. Akujalie mtu wa kukuuliza maswali magumu wakati bado hujachelewa, na wewe siku moja uwe mtu huyo kwa mwingine. Utakapofungua kinywa, atakayekusikiliza asogeze kiti chake karibu.